Kombe la Jiwe Lisilo na Jina

Muscat nilikaa miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo wenzangu wa wodini waliniona mtu wa kiburi kwa sababu sikunywa kahawa yao. Kila asubuhi ililetwa birika yenye zafarani, ikapitishwa kuanzia kwa daktari hadi kwa mfagizi, na kila asubuhi mimi nilifunika kikombe changu kwa kiganja. "Bibie wa Kenya ana makuu," walisema. Sikuwakatalia. Makuu ninayo, na nimeyachuma mwenyewe. Nimezaliwa Kinondo katika nyumba ya udongo, nimejisomesha kwa kukaanga viazi karai kando ya barabara ya Ukunda, nikapata diploma ya uuguzi wakati wasichana wa rika langu wanabeba mtoto wa tatu. Nimejenga nyumba ya mawe yenye paa la vigae. Diploma nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, ili anayeingia aisome kabla hajaketi.

Lakini zafarani siiwezi. Harufu yake ikinifikia, hata katika sahani ya pilau ya arusi, diploma yote hunitoka. Ninakuwa tena na miaka kumi, nimechutama nyuma ya jiko la bibi yangu, ncha ya kidole imeloa rangi ya machungwa, ninaandika namba kwenye sahani nyeupe.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mama, bibi yangu mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Suleimani, tuliyemwita Sule, ambaye nilimzidi miaka mitatu. Baba alitutoka mapema, simkumbuki ila kikohozi chake. Mama alishona makuti. Nyinyi mnaoishi Diani ya siku hizi za mabati ya rangi huenda hamjui kuti la kuezekea linavyotengenezwa, ila sisi tuliozaliwa zama zile tunajua: mwanamke anaketi chini, miguu ameinyoosha, anakunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kwa ung'ong'o, uzi mgumu unaochunwa kwenye kuti lenyewe, kisha anamaliza kwa fundo. Mahoteli yalinunua makuti kwa mamia, na msimamizi wao alipokuja kwetu hakuyakagua ya mama. "Ya huyu hayafunguki," alisema, na mama akajifanya hajasikia.

Sule alikuwa akianguka. Leo ningeandika kwenye faili neno moja, kifafa, na kuendelea na mgonjwa mwingine. Siku zile hatukuwa na neno moja. Nilijua tu kwamba macho yake yalikwenda upande kwanza, kama mtu aliyeitwa na jirani ng'ambo ya ua, na kabla hajaitika alikuwa chini, miguu ikipigapiga vumbi. Bibi alisema ni shetani wa pwani, amempenda mtoto. Mama alimpeleka hospitali Msambweni na kurudi na vidonge ndani ya kibahasha cheupe. Hawakugombana juu ya hilo. Kidonge hakimkatazi mtu kombe, na kombe halimkatazi kidonge.

Kwa hiyo kila Ijumaa Maalimu wa chuo chetu cha Kurani aliandika kombe. Alichukua sahani nyeupe, akachovya kalamu ya mwanzi kwenye zafarani iliyorowekwa kwa marashi ya mawaridi, akaandika aya, na mara nyingine chini ya aya akachora vijumba na kupanga tarakimu ndani yake. Kisha maandishi yalioshwa kwa maji, na maji hayo akanywa mgonjwa. Bibi ndiye aliyemnywesha.

"Mume wangu, kunywa upone," alimwambia, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mahamri kwanza," Sule alijibu.

"Kunywa, nitakupikia."

"Jana pia ulisema utapika."

"Angalieni mwanamume huyu, anamhesabia mkewe ahadi tangu alfajiri." Akanigeukia mimi. "Mke mwenzangu, mshike kichwa."

Sule alikuwa na pengo mbele, na aliogopa kuku. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, bahari, na ndicho alichokatazwa. Kutoka uani kwetu mawimbi yalisikika yakivunjika kwenye mwamba, na maji yalipokupwa watoto wote wa mtaa walishuka na vikapu, naye akabaki amekaa juu ya rundo la makuti akiitazama migongo yao. Mama hakuweza kuivumilia ile sura. Ndipo alipokata ukanda kwenye leso kuukuu, akanifunga upande mmoja mkono wa kulia, na upande wa pili akamfunga Sule mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo tulivyoteremka pwani, mimi na yeye, kama ndoo na kamba yake. Akianguka, niko naye. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa nikiwa na miaka kumi, na niliifanya kwa majigambo, maana hapakuwa na msichana mwingine aliyeaminiwa roho ya mtu.

Sasa nimlete Ami Bakari. Alikuwa ndugu mdogo wa baba, nyumba yake ikitazamana na yetu. Alifanya kazi katika hoteli moja huko Diani. Alianza kwa kubeba mizigo, na hoteli ilipoweka darubini ufukweni kwa ajili ya wageni, yeye ndiye aliyepatikana na subira ya kuielekeza. Akawa bwana wa nyota. Aliwaonyesha wageni pete za Zohali na miezi ya Mshtarii, na akirudi nyumbani alituhadithia sisi bure. Siku moja mgeni mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya mbinguni, alimwachia karatasi iliyofunikwa plastiki. Ami aliileta kwetu mchana wa Jumapili akaniwekea mapajani.

"Soma. Si wewe ndiye msomi wa nyumba hii?"

Nilikuwa ndimi. Nilisoma Kiingereza polepole huku yeye akitafsiri. Kulikuwa na picha ya anga nyeusi yenye vitone vyeupe, na kitone kimoja kimezungushiwa duara jekundu. Hicho ndicho kilichokuwa kikielezwa: asteroidi, jiwe dogo katika ukanda wa mawe uliopo kati ya Mirihi na Mshtarii.

"Dogo hivi?" aliuliza mama, akiendelea kushona.

"Dogo kwa sababu ya umbali, shemeji. Lenyewe ni kama kutoka hapa hadi Mwabungo."

"Lina moto?" niliuliza.

"Halina. Si nyota lile. Ni jiwe baridi, jeusi kama mkaa, na mviringo halina, limejipinda kama kiazi. Halina hewa wala maji. Lajizungusha lenyewe, na usiku wake na mchana wake vyote viwili vyamalizika kati ya alfajiri yetu na adhuhuri. Lakini kulizunguka jua, hapo ndipo lachukua muda. Miaka minne na zaidi."

"Na nani anakaa huko?" aliuliza bibi.

"Hakuna anayekaa, mama."

"Basi wenye mahoteli wanatafuta kiwanja. Vya Diani wameshavimaliza."

Mama alicheka mpaka akachomwa na ung'ong'o. Mimi sikucheka, nilikuwa nikitafuta kitu kwenye karatasi bila kukiona.

"Ami, mbona halina jina? Pana namba tu."

"Makubwa ndiyo yenye majina. Haya madogo ni maelfu kwa maelfu, mwanangu. Yanapewa namba, yanakaa yanangoja."

"Na haya mengi hivi ni ya nini?"

"Si ya kitu. Ni masalio. Sayari zilipoumbwa, haya yalibaki."

Nilimwonea huruma Ami. Darubini aliijua, lakini chuo alikiacha kabla ya kuhitimu, na mimi nilikuwa nimeshamzidi. Maalimu alitufundisha kwamba kimondo kinachopita angani ni silaha: malaika humpiga nacho shetani anayenyemelea kusikiliza ya mbinguni. Sasa Ami ananiambia kuna mawe maelfu kwa maelfu, yamepangwa mahali pamoja, yamehesabiwa, kila moja na namba yake, na ati hayana kazi. Bibi mwenyewe aliweka rundo la mawe kando ya mlango wa jikoni ya kuwatupia kunguru. Hakuna anayerundika mawe bila kunguru. Nikaelewa, kwa uhakika ambao sijawahi kuupata tena katika mtihani wowote, kwamba ule ukanda ndio ghala. Na jiwe letu halikuwa na jina kwa sababu halijapangiwa shetani wake.

Namba ile nilikuwa nimeishika moyoni kabla jua halijatua. Naijua hata leo, na sitaiandika hapa.

Yaliyofuata yalikuja yenyewe. Ni nani aliyepewa amri juu ya majini yote? Mtoto yeyote wa chuo atakujibu: Nabii Suleimani. Na ndugu yangu aliitwa nani? Kombe nilikuwa nimeliona likiandikwa mara nyingi, aya juu, tarakimu chini. Aya sikuthubutu kuzigusa, hizo zilikuwa za Maalimu. Lakini tarakimu nilikuwa nazo, tarakimu za mbinguni kabisa, ambazo Maalimu hakuwa nazo. Siku mbili baadaye bibi alipokwenda kisimani nilifungua kisanduku chake nikatoa nyuzi chache za zafarani. Nikaziroweka kwa marashi nyuma ya jiko. Sikuwa na mwanzi, nikatumia ncha ya chelewa, uti wa jani la mnazi, na palipogoma nikatumia kidole. Niliandika namba ile kwa tarakimu za Kiarabu, moja baada ya moja, na chini yake nikaliandikia jiwe jina: Suleimani.

Nilimpelekea Sule juu ya makuti.

"La Maalimu?"

"La Maalimu."

"Leo si Ijumaa."

"Kunywa wewe."

Alikunywa akalamba mdomo. "Hili tamu."

"Nimetia sukari."

"Mwambie bibi awe anatia." Kisha akasubiri, maana aliona usoni mwangu kuna zaidi. Nikamweleza yote, jiwe jeusi, ghala, jina. Alisikiliza akinitazama kama wageni wa hoteli walivyomtazama Ami. "Sasa litampiga lini?" aliuliza. Nikamwambia limeshampiga. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka tu aendelee kunitazama vile.

Na hakuanguka. Wiki ikapita hakuanguka, ikapita ya pili. Leo naweza kuwaeleza sababu, na huwa nawaeleza kina mama wanaokuja kwangu na watoto wao: mwezi uleule daktari wa Msambweni alikuwa amembadilishia vidonge, na vile vipya vilikuwa vimeanza kushika. Huwasisitizia kwamba kutulia si kupona, kwamba mtoto atazamwe vilevile. Huwaambia kwa ukali, hata wengine husema muuguzi yule hana upole. Lakini nyumbani kwetu siku zile kila mmoja alimshukuru wake. Mama alikibusu kile kibahasha cha vidonge. Bibi alimpelekea Maalimu jogoo. Mimi nilinyamaza, nikawaacha wafurahi, kama tajiri anayetazama watu wakila karamu bila kujua nani amechinja.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mwamba wote umeachwa wazi. Mama alikuwa na makuti mengi ya kumaliza. Alitufunga akiwa amekaa palepale, bila kuinuka.

"Nyoosha mkono. Na wewe. Usimwache."

"Simwachi."

Tulishuka na Mejumaa, binti wa jirani, mwenye mdomo kuliko watoto wote wa Kinondo. Mbele yetu wanawake walikuwa wameinama juu ya mashimo wakitafuta pweza kwa fimbo zao. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ya magotini, na mahali pengine hayakufika hata hapo.

"Huyo mbuzi wenu," alisema Mejumaa, akiutazama ukanda, "ni wa arusi au wa hitima?"

Sule ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo ya kunielekea mimi: "Dada, nifungue. Kidogo tu. Nimeshapona."

"Nani kakwambia umepona?"

"Wewe."

Nilijaribu kwa kucha, fundo halikukubali. Fundo la mama halikuwa la mchezo. Nililigeuza huku na huku, nikalivuta, nikaloweka mkono wake majini, mwishowe nikaling'ata kwa meno, ladha ya chumvi na ya leso iliyofuliwa mara elfu, nikalitafuna mpaka likaachia. Lilichukua muda mrefu. Nalisema hili kwa sababu mtu akifanya jambo kwa sekunde moja anaweza kusema alipitiwa, na mimi nilikuwa na muda wote wa kuacha.

Sule akaenda. Nami nikamgeukia Mejumaa, maana nilikuwa na la kumwonyesha. Nilimwambia huyo si mbuzi, huyo ana jiwe lake mbinguni. Akasema mimi mwongo. Nikasema wallahi. Nikaokota kijiti, nikachora kwenye mchanga mbichi umbo la kiazi, nikachora jua, nikachora njia ya kulizunguka. Nilimpa ukubwa wake, kutoka Kinondo hadi Mwabungo. Nilimpa weusi wake. Nilimpa siku yake fupi na mwaka wake mrefu. Mejumaa alianza kuuliza maswali, na kuulizwa maswali na Mejumaa ilikuwa heshima ambayo sikuwahi kuipata, nikayajibu yote, na nisilolijua nililitunga. Sijui nilisema kwa muda gani. Nilipofika kwenye namba, ambayo nilikuwa nimeiweka mwisho makusudi ili imshangaze, niliitamka tarakimu kwa tarakimu.

Mmoja wa wanawake wa pweza alipiga ukelele.

Sule alikuwa kwenye kidimbwi nyuma ya jiwe, maji yenyewe hayafiki kiunoni mwangu. Uso ulikuwa chini. Walimbeba, wakamgeuza, wakamkandamiza tumbo, wakafanya kila walichokijua na mengine ambayo leo naona hayakuwa ya kufanywa. Mama alifika akikimbia, ung'ong'o bado umening'inia kwenye vidole. Hakulia mara moja. Alichukua mkono wangu wa kulia, akautazama ule ukanda uliobaki unanining'inia, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake uliokuwa mtupu.

"Limefunguka?" aliniuliza.

Nikasema, "Limefunguka, mama."

Mejumaa alikuwa amesimama kando yangu. Aliona nilivyolitafuna. Hakusema neno, siku ile wala baadaye.

Sule alizikwa kabla ya magharibi. Bibi aliketi barazani kutwa ya siku zilizofuata akimwita mume wake. Ami Bakari alikuja na kuondoka kama mtu anayetafuta kitu chumbani mwa wengine, na hakujua, na hajui hadi leo, kwamba karatasi yake ilikuwa na lolote ndani ya msiba ule. Mimi nilipata homa. Katika homa ile nilielewa kosa langu, au nilidhani nimelielewa: nililiandikia jiwe jina Suleimani, wala sikuandika Suleimani yupi. Malaika walilisoma kama lilivyoandikwa. Jiwe lilifuata jina. Kwa mwaka mzima niliamini hivyo. Nilipita mbele ya Maalimu nimeinamisha kichwa, nikiwa na hakika kwamba anainusa zafarani kwenye kidole changu.

Lakini mama aliamini jambo jingine, na hilo halikuisha kwa mwaka. Mama aliamini kwamba ni fundo lake.

Baada ya arobaini msimamizi wa hoteli alikuja na oda mpya. Alimkuta mama upenuni, mikono mapajani, viganja juu.

"Pole, Bi. Tunataka mia mbili, lakini haraka hatuna."

"Tafuteni mwingine."

"Bi, wewe ndiye tunayemtegemea. Yako hayafunguki."

Mama alimtazama mpaka yule bwana akaona aibu bila kujua ya nini. Hakushona tena. Hakufunga tena kitu chochote. Mbuzi alifungwa na bibi. Mzigo wa kuni aliuacha haujafungwa, akabeba kijiti kimoja kimoja. Na leso yake mwenyewe, akitaka kuifunga kibwebwe, alinyoosha ncha mbili akaniita: "Nifungie, mwanangu. Mkono wangu hauna imani." Nami nikamfungia. Kila asubuhi, miaka, nilisimama nyuma ya mama yangu nikafunga fundo, na kila asubuhi neno lilikuwa hapa mdomoni, na nililimeza.

Nilimeza kwa sababu niliogopa. Halafu nikameza kwa mazoea. Halafu nikawa na mambo makubwa ya kufanya. Makuti yalipokoma nyumbani palikauka, na ndipo nilipoanza viazi vya Ukunda ambavyo ninavisimulia kila ninapoalikwa kusema na wasichana wa shule. Huwaambia nilijitengeneza mwenyewe kutoka kwenye ukata. Wanapiga makofi. Siwaambii ukata ule aliuleta nani.

Chuoni kwa wauguzi nilisoma kuhusu kifafa usiku mmoja, sura nzima, nikaifunga nikalia, nikajua kwa hakika hakuna jiwe lililompiga mtu. Muscat nililitafuta jiwe lenyewe kwenye kompyuta ya wodi, kwa namba yake. Lipo. Bado halina jina. Bado ni jeusi, bado ni baridi, linajizungusha palepale. Nikapiga hesabu, nikaona tangu siku ile lilikuwa limelizunguka jua mara tano, na halikuwahi kutumwa kwa yeyote. Ami alikuwa amesema kweli. Yalibaki tu.

Nilirudi nyumbani mama alipozidiwa na sukari. Watu walisema nimerudi kwa fahari, na nilirudi kwa fahari kweli. Makasha yangu yalijaza lori. Nilimhamishia kwenye nyumba ya vigae, nikampima, nikamdunga, nikampikia mwenyewe. Bibi alikuwa ameshakwenda zamani. Alasiri moja mama alikuwa upenuni na ungo wa mchele, akichagua mawe kwa kupapasa kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumwacha. Nilikuwa nimejipangia maneno kwa miezi. Yalipotoka hayakuwa yale.

"Mama, fundo lako halikufunguka. Nililifungua mimi. Kwa meno."

Vidole vilisimama kwenye mchele.

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Karatasi ya Ami, kunguru wa bibi, zafarani, sahani, namba, jina. Mtu mzima mwenye diploma, nimepiga magoti juu ya sakafu yangu ya vigae, ninamweleza mama yangu kwamba nilimnywesha ndugu yangu kombe la jiwe. Nilitazamia anipige. Nilitazamia anilaani, na ningeitikia amina. Alinyanyua mkono wake wa kulia akautazama kwa karibu, upande huu na upande huu, kama kitu alichokuwa amekiazima.

"Miaka yote hiyo," alisema, "ningekuwa nashona."

Akauliza tena, sasa kwa sauti nyingine, ya chini:

"Ulipomfungua, alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Alikimbia?"

"Alikimbia akirusha maji juu, akicheka. Alicheka sana."

Alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, machozi yakamtiririka bila uso kubadilika. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi. Hata mara moja." Akaurudia mchele. Tangu siku ile, kila alipoamka, alinitaka nimhadithie tena, nami nikamhadithia, na kila mara nikaongeza kidogo: alivyoinua mikono, alivyoniita, alivyowafukuza samaki wadogo. Alifariki kabla ya Ramadhani, na nilimwosha kwa mikono hii.

Sule sikumwona akicheka. Sikumwona akikimbia. Nilikuwa nimempa mgongo tangu dakika ile fundo lilipoachia, nikichora mchangani. Aliyekuwa akitazama baharini, upande alikokwenda Sule, ni Mejumaa. Ana duka la vitambaa Ukunda sasa, tunaamkiana vizuri, anauliza hali yangu na mimi yake. Napita mlangoni pake kila Jumatano nikienda zahanati. Sijamwuliza.